Kisu cha mfukoni kwenye matembezi ya ndege: mwongozo kamili, kuanzia kinoo mpaka Irente

Wadau wa visu, kila tukikaa kuongea visu maongezi yanahamia kwenye matembezi ya mashambani na ndege, na malalamiko ni yale yale mawili. La kwanza, kisu kinararua plamu badala ya kulikata. La pili, mtu amepanda mpaka Lushoto, kwenye milima ya Usambara Tanzania, ametembea asubuhi nzima, anarudi anasema ndege amewasikia tu, hajaona hata mmoja wa maana.

Haya mawili yanatoka sehemu moja. Watu wanakwenda porini na kazi ya kisu haijaisha, kwa hiyo njiani wanahangaika nacho, wanakifungua, wanakinoa kwenye jiwe, wanakionyeshana, kinapiga kelele, kinang'aa juani, na ndege kashaondoka zamani. Kazi ya kisu inafanywa nyumbani, siku moja au mbili kabla. Ukifika porini kisu kinakaa mfukoni, macho na masikio ndo yanafanya kazi, mpaka muda wa kula.

Mfano wangu wote ni Lushoto, njia ya mjini kwenda Irente, maana ndiyo naijua na mtu akishuka kwenye basi anaweza kuianza bila gari. Ila kunoa ni kule kule uwe Njombe, Limuru au Bukavu.

## Vitu vya kuandaa

Vya kisu:

- Kisu cha kukunja, makali yawe na urefu wa sentimita 6 mpaka 8 hivi
- Kinoo chenye pande mbili, namba 400 na 1000 (namba ndogo ina punje kubwa, inakwaruza zaidi). Ukikosa, msasa wa maji namba 400, 1000 na 2000 na kipande cha kioo au tailizi bapa
- Maka peni ya wino mzito
- Rula ndogo na sarafu kadhaa
- Mkanda wa ngozi wa zamani, ngozi ya kweli, ile ya plastiki haifai
- Kijiti cha meno, mswaki wa zamani, kitambaa kikavu, mafuta ya cherehani

Vya matembezi:

- Darubini ya macho mawili, 8x42 ukiweza. Hiyo 8 ni ukuzaji na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu wanakimbilia 10 au 12 wakidhani ni bora, mkono unatetemeka na picha inatetemeka nao
- Kijitabu na penseli
- Simu yenye programu ya Merlin ya kutambua ndege, ni ya bure, pakua kabisa faili la ndege wa eneo lako ukiwa na mtandao mzuri maana mlimani unakatika
- Nguo za rangi tulivu, kijani kibichi, kahawia, kijivu. Fulana nyeupe acha
- Koti la mvua, maji, chakula, plasta na bandeji

## Hatua ya 1: Chagua kisu kinachofaa, sio kinachovutia

Kwa matembezi ya ndege vigezo ni vitatu: kiwe kidogo, kiwe kimya, kisafishike kirahisi.

Victorinox ya kawaida ya milimita 91 (huo ni urefu wa mpini kikiwa kimefungwa, sio wa makali) inatosha kabisa na ina faida ya kibano kidogo, Lushoto miiba ipo ya kutosha. Chuma chake ni laini kidogo ukilinganisha na visu vya bei kubwa, na kwa anayejifunza kunoa hilo ni jambo jema, kinakubali makali haraka. Opinel namba 8 ina makali ya sentimita 8.5, nyembamba, inakata mkate na matunda vizuri kuliko kisu chochote cha bei yake. Ila mpini wake ni wa mbao, ukilowa unavimba na kisu kinagoma kufunguka, na huko juu ukungu na mvua ndogo havitabiriki.

Okapi ile yenye pete na meno nyuma ni kisu kigumu na wengi tumekulia nacho, lakini kukifungua kinalia kra-kra-kra kila jino linapopita. Kwenye bonde tulivu asubuhi sauti hiyo inafika mbali. Kama ndicho ulichonacho nenda nacho, ila kifungue wakati wa kula tu.

Vile vya kufunguka kwa springi kwa kidole kimoja viache nyumbani. Vinatisha watu na vinatisha ndege, na njia hii inapita katikati ya mashamba na nyumba za watu.

Onyo kwa mlioko Uingereza: huko kisu cha kukunja kisichojifunga, yaani ukikifungua makali hayajikazi mahali pake, na chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, ndicho unaruhusiwa kutembea nacho bila kuulizwa sababu. Opinel namba 8 imezidi urefu na ina pete ya kufungia, kwa hiyo kwa sheria yao lazima uwe na sababu nzuri ya kuwa nayo hadharani. Victorinox ile ya 91 isiyojifunga ndo salama. Na popote ulipo, ukisafiri kwa ndege weka kisu kwenye begi linaloenda chini, sio la mkononi.

## Hatua ya 2: Safisha kabla ya kunoa

Hii inarukwa na wengi. Kisu cha mfukoni kina pamba za mfukoni, mchanga na utomvu kwenye bawaba. Ukianza kunoa hivyo hivyo ule mchanga unashuka kwenye kinoo na kukwaruza makali unayoyatengeneza.

Fungua kisu, chokonoa ndani kwa kijiti cha meno, sugua na mswaki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, suuza, kausha vizuri, halafu kiache wazi sehemu yenye hewa saa moja au mbili. Cha mpini wa mbao usikiloweke, futa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Utajua imekaa sawa pale kisu kinapofunguka na kufunga bila kusaga, husikii mchanga.

## Hatua ya 3: Kunoa, taratibu

Hapa ndipo watu wengi wanapofelia kwa hiyo nitakaa sana.

Kwanza yale ya kuacha. Usinoe kwenye ngazi ya saruji wala kwenye jiwe lolote la njiani, saruji ina punje kubwa na ndogo zimechanganyika, makali yanatoka na mapengo. Na kisu kizuri usimpe fundi wa kunoa anayepita na lile gurudumu linalozunguka kwa kasi na kutoa cheche. Jembe na panga sawa, mafundi hawa wanaokoa watu sana. Ila makali membamba ya kisu cha mfukoni yanapata moto sekunde chache tu, ukiona ncha imebadilika rangi kuwa ya kahawia au bluu ujue ugumu wa chuma hapo umekwisha, utanoa leo na kesho ni butu tena.

3a. Tafuta pembe. Digrii 20 kila upande ndo pembe ya kuanzia. Huhitaji kifaa cha kupimia. Pima upana wa kisu kuanzia makali mpaka mgongo, gawa kwa tatu, hicho ndicho kimo ambacho mgongo unatakiwa kuinuka juu ya kinoo. Kisu cha upana wa milimita 15, mgongo uinuke milimita 5. Panga sarafu mpaka zifike kimo hicho kwa rula, laza makali kwenye kinoo na mgongo uegemee kwenye sarafu, angalia vizuri mkono umekaaje, sikilizia kifundo cha mkono, kisha toa sarafu na ubaki hapo hapo. Rudia kuweka na kutoa mpaka mkono uzoee.

Kwa nini tunahangaika na pembe? Ukibadilisha pembe kila mpigo hunoi, unaviringisha. Mtu anasugua nusu saa, kisu kinang'aa ubavuni kote, makali yenyewe hayajaguswa.

3b. Paka wino. Chukua maka peni upake wino kwenye makali pande zote mbili, kuanzia kwenye bawaba mpaka kwenye ncha. Piga mipigo miwili mitatu kwenye kinoo halafu angalia. Wino ukitoka juu karibu na mgongo tu, umelaza sana. Ukitoka kwenye ukingo kabisa tu na huku nyuma umebaki, umeinua sana. Ukitoka wote kwa usawa, hiyo ndo pembe yako. Rekebisha, paka tena. Kama kuna kitu kimoja utakibeba kwenye mwongozo huu wote kiwe hiki, maana wino unakuonyesha kosa lako hapo hapo.

3c. Upande wa kwanza, namba 400. Lowesha kinoo. Vile vya maji vinavyokunywa maji loweka dakika kumi hivi mpaka mapovu yaishe. Weka juu ya kitambaa chenye unyevu kisiteleze. Sukuma kisu mbele makali yakiwa yanatangulia kama unataka kukata karatasi nyembamba juu ya kinoo, ukienda mbele unavuta pia pembeni ili urefu wote wa kisu upite, na unapofika kwenye ncha inua mpini kidogo sana maana ncha imejipinda. Nguvu ni ya wastani, vidole viwili juu ya kisu, usikandamize.

Endelea upande huo huo tu mpaka upate mkunjo. Makali yakishafikiwa chuma kinajikunja kidogo kuelekea upande wa pili. Hakionekani kirahisi ila kinasikika. Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea makalini na kutoka nje, kwa upande ambao HUKUNOA. Kidole kikikwaruzwa kidogo urefu wote, kuanzia bawaba mpaka ncha, umefika. Kikikwaruzwa katikati tu, bado mwanzo na mwisho.

Kamwe usipitishe kidole kwa urefu kufuata makali. Kidole kinatoka makalini kwenda nje, basi.

Usihesabu mipigo. Kuna kisu kinatoa mkunjo haraka na kuna kilichokuwa butu mwaka mzima kinataka uvumilivu. Wanaokuambia piga mara kumi kila upande wanakupoteza, dalili ni mkunjo, sio idadi.

3d. Upande wa pili. Hivyo hivyo mpaka mkunjo uhamie upande wa kwanza.

3e. Namba 1000. Rudia pande zote kwa nguvu ndogo zaidi. Mwishoni badilisha upande kila mpigo, moja huku moja kule, nguvu ikipungua mpaka unabeba uzito wa kisu tu. Hapo mkunjo unapungua wenyewe.

Wa msasa: bandika kwenye kioo kwa maji, karatasi inashika. Tofauti ni moja tu, usisukume makali mbele, vuta kurudi nyuma mgongo ukitangulia, la sivyo utachana karatasi.

Na ukiwa ugenini bila kinoo, geuza kikombe cha kauri. Kile kiduara cha chini kisichopakwa rangi ya kung'aa ni kinoo laini kizuri tu cha kuamsha makali yaliyolegea. Hakitafufua kisu kilichokufa.

## Hatua ya 4: Mkanda wa ngozi

Mkunjo uliobaki ukiuacha, kisu kitaonekana kikali jioni hii na kesho kwenye tunda la kwanza unalala na ukali umekwisha. Hiyo ndo sababu kubwa ya yale malalamiko ya "nilinoa jana lakini".

Funga mkanda kwenye kitasa au ulaze juu ya ubao, upande wa ndani wa ngozi ukiwa juu. Vuta kisu mgongo ukitangulia, pembe ile ile au chini kidogo, kila upande kwa zamu. Ukifika mwisho geuza kwa kupitia mgongo, sio kwa makali, utakata mkanda.

Jaribio ni la gazeti. Shika ukurasa juu kwa vidole viwili, shusha kisu kuanzia kwenye bawaba kwenda kwenye ncha. Ikiteleza mpaka chini bila kukwama umemaliza. Ikikwama sehemu moja kila mara, hapo kuna mkunjo au pengo, rudi namba 1000 sehemu hiyo tu. Jaribio la pili ni nyanya mbivu: laza kisu juu ya ganda, vuta bila kukandamiza. Kisu kilichonolewa kinaingia chenyewe.

Sasa tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, fungua na funga mara kadhaa, futa. Mafuta ya kupikia usiweke kwenye bawaba, yanakaa muda yanakuwa gundi. Mafuta ya nazi pia, watu wa pwani mnayapenda na ni mazuri kupaka kwenye chuma, ila yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Lushoto Juni na Julai asubuhi ni baridi kuliko hapo sana. Kisu kinakuwa kizito mkononi unashangaa.

## Hatua ya 5: Darubini, irekebishe ukiwa bado nyumbani

Wengi wanadhani darubini yao mbovu kumbe haijawahi kurekebishwa kwa macho yao.

Kunja katikati mpaka uone duara moja, sio mawili. Tafuta kitu chenye maandishi mbali kidogo, bango la duka linafaa. Ziba kioo cha kulia cha mbele kwa kiganja, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lisome vizuri. Ziba cha kushoto, na sasa zungusha pete iliyopo kwenye jicho la kulia tu mpaka lisome. Kuanzia hapo unagusa gurudumu la katikati peke yake. Ukivaa miwani, shusha vikombe vya mpira vya kwenye macho.

Halafu fanya zoezi hili ukiwa kibarazani. Angalia kitu kwa macho matupu, kunguru juu ya nguzo ya umeme tuseme, USITOE macho pale, leta darubini mbele ya macho. Usiangalie chini kwenye darubini halafu uanze kumtafuta juu, humpati. Rudia mpaka ukiinua tu, yumo. Hilo zoezi la kibarazani ndilo linaamua kama utaona ndege au utaona majani.

## Hatua ya 6: Siku, saa, njia na ruhusa

Epuka masika, Machi mpaka Mei, njia zinateleza na ukungu unafunika. Juni mpaka Septemba pakavu na baridi, beba sweta. Kuanzia Oktoba mpaka karibu Aprili kuna ndege wageni kutoka Ulaya, mbayuwayu wanajaa juu ya mashamba.

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kweupe panapopambazuka. Ndege wanaimba na kula wakati huo, na kufika saa nne wengi wanatulia. Mtu anayeanza saa tano akimaliza chai amechelewa, hata awe na darubini ya milioni.

Njia ya Irente inatoka Lushoto mjini, inapita Yoghoi, mpaka kwenye jabali la kutazamia ambako unaona tambarare ya Umasai chini kabisa. Ni kama kilomita tano sita. Kwa mwendo wa kwenda sokoni ni saa moja na nusu, kwa mwendo wa ndege weka nusu siku.

Unapita kwenye mashamba ya watu. Salimia. "Shikamoo mzee, tunapita tunaangalia ndege, hatusumbui?" Ukimwambia mapema mtu ameshika darubini ya nini, unaachwa kwa amani, na mara nyingi anakuonyesha mti ambao hondohondo wanakuja kula. Kijana wa hapo anayechunga mbuzi anajua ndege kuliko programu yako ya simu. Na usitoe kisu wakati unaongea na mtu usiyemjua, hata kama unataka tu kumenya chungwa.

Ukitaka msitu wenyewe nenda Magamba, ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, unapita ofisini kwao unalipa na kuchukua mwongozaji. Waulize pale pale kuhusu kisu, waonyeshe, waeleze ni cha matunda. Ndani ya hifadhi hukati chochote, hata kijiti. Huko ndiko kuna akalati wa Usambara, ndege mdogo wa rangi ya kahawia anayekaa chini kwenye vichaka vyenye kiza, hapatikani popote duniani isipokuwa Usambara Magharibi. Usimtegemee siku ya kwanza.

## Hatua ya 7: Kutembea na kuona

Tembea hatua chache, simama. Simama muda mrefu kuliko unavyotembea. Ukifika sehemu nzuri, yaani ukingo wa shamba na miti, kijito, mti wenye matunda au maua, kaa chini kabisa dakika kumi na tano bila kuongea. Dakika za mwanzo hakuna kitu, wamekuona ukija wametulia. Baadaye wanarudi kwenye shughuli zao mmoja mmoja.

Jua liwe mgongoni kwako. Ukiliangalia kila ndege ni mweusi.

Sikiliza kwanza. Hondohondo wa huku, yule mwenye pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo, utamsikia akiruka kabla hujamwona, mabawa yanavuma vuuu vuuu vuuu juu ya miti. Ukisikia hivyo usikimbie, inua macho utafute mti mrefu anaoelekea, subiri atue.

Shorobo ni wa subira. Amekaa ndani ya majani, mgongo kijani, kishungi bluu ya giza, anakimbia juu ya tawi bila kuruka na wewe unaona majani tu yakitikisika. Usiondoe macho kwenye tawi hilo. Anapovuka kwenda mti mwingine anakunjua mabawa na wekundu wote unatoka mara moja, mwekundu wa damu, sekunde mbili tatu halafu anafunga na umepotea. Mtu aliyekuwa anaangalia chini kwenye kisu chake hajaona kitu.

Chozi, yule ndege mdogo anayefyonza maua, mtafute kwenye maua, hatulii, kwa hiyo usimfukuze na darubini, elekeza kwenye ua lenyewe usubiri arudi. Ukifika jabalini Irente angalia chini pia, sio juu tu, kunguru wakubwa wenye kola nyeupe shingoni na mwewe wanapanda na upepo wa bondeni, unawaona kwa mgongoni, nafasi ambayo ni adimu kuipata mahali pengine.

Andika unachoona kabla ya kufungua simu: ukubwa, rangi ya mdomo, rangi ya mkia, alikuwa anafanya nini, yuko juu au chini. Ukifungua simu kwanza utaandika kile simu ilichokuonyesha.

Onyo: usicheze sauti za ndege kwenye spika kuwaita. Dume anadhani kaingiliwa kwenye eneo lake, anaacha kula na kuacha kiota anakuja kupigana na sauti. Na usikate tawi lolote ili uone kiota vizuri. Lile tawi ndilo linamficha ndege asionwe na kunguru, ukilitoa umemwonyesha adui mlango. Wapenzi wa visu hapa tuwe wakali sisi kwa sisi.

## Hatua ya 8: Muda wa kisu

Saa nne hivi, ndege wakianza kutulia, kaa chini ule. Hapa toa kisu.

Irente kuna shamba wanauza jibini, mkate na jamu, na msimu wa matunda utakuta plamu, pichesi na mapeasi barabarani. Kisu ulichonoa kwa hatua ya 3 kinazunguka plamu mpaka kwenye kokwa bila kumwaga maji, unapinda nusu mbili zinaachana. Jibini unakata vipande vyembamba bila kumomonyoka.

Kaa chini ndipo ukate, sio ukiwa umesimama au unatembea. Asiwepo mtu ndani ya urefu wa mkono wako. Kisu kisichojifunga usikichome kwa ncha wala usikitumie kuchokonoa, kinajikunja juu ya vidole vyako. Kumpa mwenzako kisu, kifunge kwanza ndo umpe. Ukijikata, bandeji safi, kandamiza moja kwa moja dakika kumi bila kuchungulia, inua mkono juu. Kidonda kikiwa kirefu au hakiachi kutoka damu, matembezi yameisha, shuka hospitali.

Kazi nyingine nzuri ya kisu ni panda la kuegemeza darubini. Ukiwa nje ya hifadhi, muombe mwenye shamba tawi lililoanguka la mkaratusi au mgrevilea, lenye panda juu, lifike usawa wa kidevu ukiwa umesimama. Menya magome kwenye panda, chonga ndani kidogo pawe bapa, kata kwa kwenda mbali na mwili na chukua vipande vyembamba vyembamba. Darubini ikikaa hapo mtetemeko unapungua sana.

Na hili nalisisitiza: njiani utakuta nyuzi za nailoni, kamba za plastiki za viroba, vipande vya nyavu vimenaswa kwenye uzio na matawi. Ndege wanabeba nyuzi hizi kujengea viota na miguu ya makinda inanaswa. Zikate, zikunje, weka mfukoni rudi nazo. Ila kama uzi umeshafumwa kwenye kiota kinachotumika usiguse.

## Hatua ya 9: Ukirudi, kabla hujaoga

Maji ya matunda ni asidi. Kisu cha chuma cha kaboni, Okapi na baadhi ya Opinel, ukikilaza na maji ya plamu asubuhi kina madoa meusi na kutu inaanzia kwenye makali. Ile rangi ya kijivu ya bluu inayokuja kwa matumizi ni ya kawaida, iache. Kutu nyekundu ndiyo ya kuondoa, msasa namba 2000 na mafuta, sugua polepole bila kugusa makali.

Osha, kausha, pitisha kwenye mkanda wa ngozi mara chache, tone la mafuta kwenye bawaba. Kinoo hukihitaji kila safari. Mkanda ukishindwa kurudisha makali, yaani gazeti linakwama hata baada ya kupitisha, hapo ndo unarudi namba 1000, na 400 unaigusa tu kukiwa na pengo.

Kisu kikilowa mvua kutwa nzima kikaushe kikiwa wazi usiku kucha, usikifunge na kukirudisha kwenye begi lenye unyevu. Opinel ikivimba usiilazimishe kwa koleo. Gonga kitako cha mpini taratibu kwenye mbao, ncha ya kisu inachomoza kidogo, ikigoma iache ikauke kivulini siku mbili itafunguka yenyewe.